Shangazi Ameoa

Hamim aliizima pikipiki mbali kidogo na mji wa shangazi Wegesa, akawa anaikokota. Ungemuuliza kwa nini, angekwambia anabana petroli. Mwongo! Alikuwa anaogopa. Mwanamume mzima, mwalimu wa Uraia na Kiswahili, anayelinyamazisha darasa zima kwa kukohoa tu, siku hiyo ya Jumapili pale Nyakunguru moyo ulimwenda mbio kama wa kibaka aliyesikia mluzi. Ndani ya nyumba ile ya bati alikuwamo Mokami, mchumba wake, ambaye mwezi mzima alikuwa hapokei simu zake wala hajibu ujumbe.

Kwenye pikipiki alikuwa amefunga doti ya kitenge na mfuko wa sukari. Mama yake, Bi Zuleha, ndiye aliyemfungashia asubuhi kule kwao Turwa, midomo imembetuka.

"Nilikwambia uoe karibu," alisema. "Binti wa Mzee Sadick yupo mtaa wa pili, tunajuana mpaka mabibi. Hukutaka. Ukampenda mtoto wa Kisabato, sawa, nikameza. Baba yake akasema hawezi kutoa binti kwa mtu asiye na hata ndama, nikameza. Sasa umeenda kuwapelekea watu askari kwenye sherehe yao! Hilo nalimezaje, Hamim?"

"Nilikusudia mema, mama."

"Mema yako ukae nayo. Peleka kitenge, uombe radhi, urudi."

Shangazi Wegesa alikuwa uani anapepeta wimbi. Alikuwa mjane, mdogo wa mwisho wa baba yake Mokami, mwanamke mrefu mwenye mikono mikavu ya jembe. Mungu alimpa mabinti wawili, wote wameolewa mbali, na hakumpa mtoto wa kiume.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mura," akasema, kwa Kikurya akimwita kijana. "Karibu kiti."

Basi! Hakumtukana, hakumfukuza, wala hakumwinulia macho. Alisogeza kigoda kwa mguu akaendelea na ungo wake. Hamim angeshukuru kama angemrushia hata kopo la maji. Aliweka kitenge na sukari juu ya kinu, akakaa, mikono haijui iende wapi.

Hebu nikueleze alichofanya, maana mwenyewe angekuzungusha.

Miezi miwili nyuma Mokami alimpigia simu akiwa na furaha tele. "Hamim! Shangazi ameoa!"

Hamim akacheka. Alikulia kwa bibi yake Tanga, na Kiswahili kwake ni kitu cha kulindwa. "Mwanamke haoi, mpenzi. Anaolewa. Sema shangazi ameolewa."

"Haya, Mswahili wangu ameanza," Mokami akasema huku anacheka, na mtandao ukakatika hapo hapo. Mara ya pili walipoongea walikuwa na mengine ya kusemezana, unajua tena wachumba, jambo lile likapita.

Laiti angeuliza! Mokami alikuwa amesema Kiswahili sahihi kabisa cha kwao. Shangazi alikuwa ameoa kweli. Alitoa ng'ombe akamchukua Beatrice, binti wa jirani aliyekua pamoja na Mokami mpaka wakaitana dada, awe mkamwana wake, azae watoto wa nyumba ile isiyo na mvulana. Ndoa ya namna hii Wakurya huiita nyumba ntobhu. Na Beatrice alitaka. Alikuwa mwanamke mzima aliyetoroka kwa mume, mlinzi mmoja wa hoteli ya watalii kule Ikoma aitwaye Sylvester, ambaye akishalewa mkono wake hauchagui pa kutua. Baba yake Beatrice alizichukua ng'ombe za Wegesa akamrudishia Sylvester mahari yake, wakaachana. Kwa Wegesa Beatrice angekuwa na shamba, na mwanamume wa kuzaa naye angemchagua mwenyewe, na asiye na adabu angefungiwa mlango. Alihamia huko hata kabla ya sherehe, na Mokami hajawahi kumwona amenenepa vile.

Hamim hakuyajua hayo. Alichojua ni semina ya walimu na askari polisi. Siku moja, pamoja na chai na soda, aliambiwa kuhusu mabinti wanaopelekwa kwenye nyumba ntobhu wanalia. Na kweli wapo, tusidanganyane. Kwa hiyo aliposikia dukani kwao kwamba ng'ombe zimeswagwa kwa kina Beatrice kwa ajili ya "yule kikongwe", alijumlisha mwenyewe, akapata jibu, akaenda kituoni, asijue kwamba kikongwe huyo ndiye shangazi Wegesa. "Kuna binti anaozwa kwa nguvu," aliwaambia. Gari likaja siku ya sherehe. Beatrice alitolewa mbele ya wageni, anapiga kelele kwamba hataki kuondoka, na kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyoamini ametishwa.

Na Hamim, maskini, ndiye aliyempigia Mokami simu kwa majivuno, kama mtu aliyeleta zawadi. "Nimemkomboa dada yako!"

Mokami akakata simu, na tangu hapo hakupokea tena.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Mokami akatoka.

Alikuwa amekonda. Nywele amezifunga na kitambaa bila kujitazama kwenye kioo, miguu pekupeku, macho mekundu. Hamim alisimama. Alitamani kukimbia amkumbatie na alitamani ardhi imfunike, vyote kwa pamoja. Mokami alimtazama mara moja, kitambo kirefu, kisha akageuza uso kwa haraka, na Hamim akajua kwamba bado anapendwa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kama asingependwa angeomba radhi akaondoka.

"Umekuja," Mokami akasema.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Umeshamwomba shangazi?"

Hamim akamgeukia Wegesa. "Shangazi, nimekukosea. Nilifanya kwa kutojua."

"Ulikuwa hujui," Wegesa akasema, "na ukajua njia ya kituoni." Akapeperusha makapi.

"Mokami, naomba tuongee."

"Tuongee nini? Umesahau mdahalo?" Mokami akamgeukia. "Umesahau ulichosema mbele ya chuo kizima?"

Angesahauje? Pale ndipo mapenzi yalipoanzia. Walikuwa chuoni Mwanza, mada ikawa itikadi za siasa, Mokami akapewa kutetea uliberali na Hamim akapewa uhafidhina mamboleo, ule unaotaka kupeleka uhuru hata kwa nguvu. Ukumbi ulitarajia waanze kutukanana. Badala yake Hamim alianza kwa kusema, "Mimi na dada huyu tunapenda kitu kimoja. Wote tunataka mtu awe huru. Wahafidhina mamboleo wengi walianza wakiwa upande wake, walikuwa waliberali kabisa, mpaka dunia ikawazaba kibao. Tofauti yetu ni kwamba yeye anabisha hodi kwa aliyefungwa, mimi navunja mlango." Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Mokami akasimama, shingo ndefu, akamjibu taratibu, "Kaka, ukishavunja mlango wa mtu, usiku huo atalala amejifungia na nini? Na nani alikwambia amefungwa? Pengine alifunga mwenyewe." Hamim alishindwa, akampenda hapo hapo. Tangu siku hiyo walikuwa wakiitana Mhafidhina na Mliberali, kwa mahaba, hata kwenye jumbe za usiku mwema.

"Sijasahau," Hamim akasema.

"Nilidhani ni mdahalo tu! Nilidhani unatania. Kumbe nilikuwa nimechumbiwa na mtu anayeamini kabisa kwamba watu wanaweza kukombolewa kama mizigo iliyokwama bandarini. Ulikuwa na namba yangu, Hamim. Ulikuwa na namba ya Beatrice mwenyewe! Ulishindwa kumuuliza swali moja?"

"Niliogopa kuchelewa."

"Uliogopa kuambiwa hapana."

Ilikuwa kweli. Siku ile barabarani kwenda kituoni simu ilikuwa mfukoni mwa Hamim, na wazo la kumpigia Beatrice lilimjia, akalifukuza. Alijiambia kwamba binti aliyeonewa huwa hasemi ukweli. Alijisikia vizuri sana siku ile, alijiona mtu. Sasa akikumbuka jinsi alivyojisikia vizuri, alitaka kujificha.

"Yuko wapi sasa?" akauliza. "Nilisikia walimwachia baada ya siku mbili."

Wegesa aliacha kupepeta. Mokami akakaa chini ghafla, kwenye kizingiti.

"Hujui?"

"Hakuna anayeniambia kitu, Mokami. Hupokei simu."

"Baba yake aliogopa kesi, akanirudishia ng'ombe zangu," Wegesa akasema. "Alizikusanya huko na huko, zingine akazitoa kwa Sylvester kwa kumbembeleza. Sasa Sylvester akasema kama ng'ombe zimeondoka kwake, basi mke wake arudi kwake. Wakampeleka."

"Wakampeleka Ikoma?"

"Jana nilikwenda," Mokami akasema. Alikuwa anaangalia mikono yake. "Jicho la kushoto limefumba lote. Anatembea ameshika mbavu. Nilimuuliza, Beatrice, twende? Akanyamaza. Yule mwanamume alikuwa amesimama mlangoni na kirungu chake cha kazini, anatabasamu, ananiambia karibu shemeji."

Hamim alifumba macho, akamwona Beatrice siku ile Mokami alipompeleka kumtambulisha kwao, alivyomtania kwamba Mswahili ataweza wapi kula kichuri, mchuzi ule mchungu wa utumbo wa mbuzi. Binti yule alikuwa salama, na yeye Hamim ndiye aliyemtoa kwenye usalama kwa mkono wake, na akajipongeza.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyempiga."

"Ndiyo," Mokami akajibu, na machozi yakaanza kumdondoka. "Ni wewe. Kwa hiyo utakwenda. Wale askari wanakujua, si ulikunywa nao chai? Nenda uwachukue leo hii, mkamtoe. Vunjeni mlango kama ulivyotaka. Akikataa, mbebeni. Akipiga kelele, apige!"

"Waje hata na askari wa Kenya," Wegesa akadakia. "Mpaka wa Sirari ni hapo tu. Namtaka mkamwana wangu."

Jamani, dunia hii! Hamim alimtazama Mokami asiamini. Yule Mliberali wake, mwenye shingo ndefu na majibu ya taratibu, alikuwa anamwomba uhafidhina ule ule alioushinda ukumbini. Ndicho kile kibao cha dunia alichokitaja Hamim siku ya mdahalo, na kilimpiga mwanamke ampendaye kwa sababu yake yeye Hamim. Na zamani, mwezi mmoja tu nyuma, angeruka juu ya pikipiki kabla sentensi haijaisha. Angefika Ikoma kabla jua halijazama, angerudi shujaa, Mokami angemwangukia kifuani, mambo yakaisha.

Miguu ilimwasha kwenda. Lakini alibaki amesimama.

"Mokami," akasema polepole, "amesema anataka kutoka?"

"Nimekwambia alinyamaza!"

"Alinyamaza huku Sylvester amesimama hapo. Hilo halijawa jibu. Hatujui ana mpango gani. Tukienda na gari bila yeye kujua, wakamhoji mbele ya mumewe akakana kwa woga, gari litaondoka na yeye atabaki. Unajua usiku huo utakuwaje?"

Mokami akasimama. Alikuja mpaka mbele yake, karibu kabisa, Hamim akasikia pumzi yake ya moto.

"Alipokuwa na furaha, mlango ulikuwa mwepesi kuuvunja," akasema. "Leo anapigwa, unataka kubisha hodi? Umekuwa mwoga, Hamim?"

Alimchapa kwa maneno hayo, na akabaki anamtazama, anasubiri akane. Ni vigumu kueleza jinsi mwanamume anavyoumia akiitwa mwoga na midomo aliyozoea kuibusu. Hamim aliona kabisa kwamba anampoteza. Angesema tu "twende", angempata. Aliimeza ile "twende".

"Niite utakavyo," akasema. "Mara ya kwanza sikumuuliza. Mara ya pili siwezi. Mpigie simu."

"Sylvester ataisikia."

"Leo ni Jumapili, watalii wanaondoka. Si yuko zamu getini mpaka jioni? Mpigie. Kama hatapokea, nitafanya unavyotaka, nakuapia."

Mokami alimtazama tena, akafuta uso kwa kiganja, akatoa simu. Iliita. Iliita mpaka Wegesa akaanza kusonya. Halafu sauti ndogo ikasikika, na nyuma yake mlio wa maji yanayoingia kwenye ndoo.

"Dada Mokami?"

"Beatrice, uko peke yako?"

"Niko bombani. Sema haraka."

Mokami akamsukumia Hamim simu, sijui kwa hasira au kwa kuishiwa nguvu.

"Beatrice," Hamim akasema. "Ni Hamim. Ni mimi niliyewaita askari siku ile. Nisamehe. Nataka nikuulize tu. Wewe unataka nini?"

Maji yalibubujika kwenye ndoo. Kisha Beatrice akacheka, kicheko kifupi kilichoishia kwenye maumivu ya mbavu.

"Swali hilo ungekuja nalo siku ya sherehe yangu, shemeji," akasema. "Ningekukaribisha nyama."

Machozi yalimtoka Hamim mbele ya wanawake wawili, hakuyafuta.

"Nataka kutoka," Beatrice akaendelea. "Jana sikuweza kusema. Kesho asubuhi anapokea zamu kwa mwenzake, wanachelewa kunywa chai kule getini. Aje Mokami, na askari wawepo, safari hii nawataka, maana akitokea njiani hataniachia. Kuwe na askari mwanamke. Nitakuwa nimeshafunga vitu vyangu. Wasiingie ndani. Nitatoka mwenyewe."

"Nitakuja na mimi," Hamim akasema, "nitawa..."

"Hapana. Wewe usije." Hakusema kwa ukali. "Nikikuona wewe na gari la polisi, nitarudi ndani. Nakuomba tu."

"Sawa," Hamim akasema. "Sawa, Beatrice."

Wegesa alikuwa amesogea, ungo umebaki chini, kuku wameshauvamia. "Mpe shangazi simu," akasema, akaichukua bila kungoja. "Mwanangu, chumba chako kipo vilevile. Ng'ombe nitazirudisha kwa baba yako hata kesho. Godoro nimelianika."

Upande wa pili maji yakafungwa.

"Shangazi, usikasirike," Beatrice akasema. "Sijui kama nitarudi kwako. Walinitoa pale mbele ya watu wote, nimevuliwa khanga, watoto wananitazama. Sioni nitapitaje tena kwenye njia ile. Nataka kwanza nikalale kwenye chumba cha Mokami cha kupanga mjini. Halafu nitafikiri."

"Ulikuwa unapapenda," Wegesa akasema.

"Nilikuwa napapenda sana. Ndoo imejaa, shangazi. Kuna mtu anakuja."

Simu ikakatwa. Wegesa alibaki ameishika sikioni muda mrefu, kama bado anasikiliza. Kisha akamrudishia Mokami, akaenda akainama kuwafukuza kuku, na pale pale alipoinama akaanza kulia, sauti ya chinichini, mikono imeshika magoti. Mwanamke huyu hakuwahi kumuumiza mtu. Alikuwa ameoa, nyumba ikapata mtu wa kucheka naye jioni, na sasa hata msamaha wa dunia nzima usingemrudishia. Hamim alimwendea, akapiga magoti kwenye makapi ya wimbi.

"Shangazi, nifanye nini? Niambie chochote."

"Hakuna," Wegesa akasema, bila chuki. "Hakuna cha kufanya, mura. Inuka, utachafua suruali."

Mokami alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na mkoba begani na viatu mguuni. Alikuwa anaongea na simu na mtu wa dawati la jinsia la polisi, anaeleza vizuri, taratibu, kila alichosema Beatrice na namna alivyokisema, na pale kwenye "atatoka mwenyewe" alirudia mara mbili. Akamaliza. Akasimama mbele ya Hamim.

"Nilikuita mwoga," akasema.

"Nilistahili zaidi ya hilo."

"Kwa hilo la leo hukustahili." Alinyoosha mkono, akamtoa kapi la wimbi lililokuwa limemganda shavuni kwa machozi, vidole vikakawia pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Hamim akafumba macho. Halafu vidole vikaondoka. "Nalala Mugumu leo kwa rafiki yangu, ili asubuhi niwe karibu. Ukiniona sijakupigia, usinipigie."

"Nikupeleke basi hadi stendi. Nina pikipiki. Tutaongea njiani, hata kama..."

"Hamim."

"Kidogo tu, mpenzi. Nataka kujua kuhusu sisi. Tarehe ya ndoa, mama anauliza, baba yako naye, mimi sijui niwaambie nini. Bado unanitaka?"

Mokami alikuwa ameshafika kwenye njia. Aligeuka, na uso wake ulikuwa umejaa mapenzi na uchovu, Hamim hakujua kipi kimezidi.

"Hilo," akasema, "subiri nikuulize mimi."

Akaondoka, akiteremka kuelekea barabarani, kitambaa chake cha kichwa kikionekana juu ya migomba, kisha kisionekane. Ufunguo wa pikipiki ulikuwa mkononi mwa Hamim, na barabara ilikuwa moja tu, angemkuta kabla hajapata gari. Hamim alirudi kwenye kigoda, akakaa.